Ndege Iliyoacha Magurudumu Wazi

Anziza alinipigia simu kutoka Mahajanga asubuhi moja, nikiwa jikoni napepeta mchele, akaniambia mumewe Tombo amefariki. Alikuwa ameumwa muda mrefu na sote tulijua anakoelekea, lakini kujua hakumsaidii mtu simu inapolia. Tukalia, kila mmoja upande wake wa bahari, mpaka machozi yakapungua, halafu Anziza akavuta pumzi akasema, "Dada Zaina, unakumbuka siku alipomwingiza Koko chini ya ndege?" Nikaanza kucheka. Naye akaanza. Mkwe wangu, aliyekuwa amekuja mbio kunipa pole, alisimama mlangoni kidogo kisha akaondoka zake kimya kimya, nadhani akijiuliza kama mama mkwe bado ana akili zake. Ninaishi Tanga, nimeolewa huku na nimezeekea huku, na Kiswahili hiki ninachoandikia nilijifunza kwa kuchekwa na mawifi. Kwetu Nosy Be, kisiwa cha Madagaska, tulisema Kikomoro ndani ya ua, Kimalagasi tukitoka nje, na Kifaransa pale unapokuwa na shida na mtu wa ofisi. Kiswahili kilikuwa kimebaki vipande tu, maneno ya dini, ya duka na ya baharini, wazee wakiyatumia bila kujali yametoka wapi. Kwa hiyo watu wangu humu watasema kwa mdomo wangu. Wangekuwapo wangenisahihisha, hasa Koko, ambaye hakuna alilolipenda duniani kama kumsahihisha mtu.

Koko maana yake ni bibi. Wangu aliitwa Moinesha, na mwaka ule, karibu na mwisho wa miaka ya sabini, nilikuwa nakaa naye kwa sababu nyumba yake ilikuwa karibu na uwanja wa ndege, na mimi ndiyo kwanza nimeajiriwa uwanjani. Nilikuwa msichana wa mizani. Abiria wanakuja na mizigo yao, mimi naipima, nabandika karatasi, nawaambia kwa heshima kwamba kuku hawaruhusiwi kusafiri wakiwa chini ya shiromani, ile nguo ya kujitanda ya wanawake wa kwetu. Jengo lilikuwa chumba kimoja kikubwa chenye pangaboi lililozunguka likitaka lenyewe, na harufu yake mpaka leo ikinijia ghafla huwa nasimama nilipo: vanila iliyofungwa kwenye vikapu, samaki mkavu, mafuta ya maua ya ilang-ilang yaliyovuja kwenye chupa ya mtu, na kahawa ya mkuu wetu wa kituo, ambaye alikuwa mtu mwema na mvivu kwa kipimo kilekile. Ndege ya jeti ilikuja mara chache kwa wiki. Ilikuwa fupi, yaani si fupi kwa urefu, bali imekaa chini, tumbo lake karibu na lami, kiasi kwamba vijana walisimama chini tu na kusukumia vikapu ndani kwa mabega. Ngazi yake ilitoka tumboni mwake yenyewe. Mimi nilidhani ndege zote duniani ziko hivyo, na nilipoona kwa mara ya kwanza, miaka mingi baadaye, abiria wakipandishwa kwa ngazi ndefu kama ya kupakia nazi kwenye dari, nikaona hao wengine ndio wamekosea.

Chini ya ndege hiyo ndipo alipokuwapo Tombo. Alikuwa fundi, kijana wa upande wa Ambanja aliyesomea kazi yake Antananarivo na hakukubali mtu asahau. Alivaa bwelasuti iliyopigwa pasi. Hebu fikiri, bwelasuti ya kulalia chini ya mashine, ina mikunjo miwili mbele kama suruali ya bwana harusi. Nilimpenda kidogo, niseme tu, kwa kuwa mwenyewe hayupo tena wa kujivuna. Yeye alipenda zaidi pampu na mabomba, na ukimuuliza swali dogo alikujibu kwa jibu lenye sura tano. Tukiwa tunakula chakula cha mchana nyuma ya jengo, wali na maembe ya achari, mara mbili nimemwona akisahau kijiko mkononi kwa sababu anaeleza breki.

Sasa Koko. Nyumba yake ilikuwa ya mabati, na ndege ikija kutua au ikipaa ilipita juu ya ua ikiwa chini sana, vyombo vikigongana rafuni. Koko alikuwa na kigoda chake chini ya upenu, hapo ndipo alipochambua kisamvu na kukwangua nazi, na kila ndege ilipopita aliinua uso akaitazama tumboni. Alizitazama kwa miaka, na alikuwa na elimu yake kamili kuzihusu. Aina ya kwanza, alisema, ni vindege vidogo vya pangaboi ambavyo miguu yake inaning'inia muda wote kama ya kuku aliyeshikwa mabawa. Hivyo havikuwa na neno, kwa sababu havijifanyi. Aina ya pili ni ile ndege ya zamani, ya pangaboi mbili, iliyokunja miguu na kufunga milango, ukiitazama huoni kitu. Hiyo aliiheshimu. Aina ya tatu ndiyo jeti letu. Lilipopaa lilikunja miguu vizuri, tena kwa haraka, lakini pale magurudumu yalipoingia halikufunga chochote. Ukiwa chini uliyaona yamelala tumboni, duara mbili nyeusi, wazi kabisa. "Ama mtu avae, ama asivae," Koko alikuwa akisema. "Hiki ni nini? Anatoka nyumbani kifungo kimoja kimefungwa, kingine hakijafungwa." Sisi tulicheka. Ilikuwa moja ya habari za nyumba yetu, mgeni akija ataambiwa, Koko anagombana na jeti. Hakuna aliyefikiri itakuja kuwa shida.

Shida ilikuja na mvua. Mtu aliyeshuka kwenye ndege kutoka Mahajanga alikuja moja kwa moja kwenye mizani yangu, hata mzigo wake hajachukua, akaniambia Koko Sitti yuko hoi. Koko Sitti alikuwa dada mkubwa wa Koko Moinesha, nao walikuwa wawili tu waliobaki. Alikaa Tsaramandroso, Mahajanga, na alikuwa amekaa huko hata baada ya mambo yaliyowapata Wakomoro wa mji ule, ambayo si ya kuandikwa kwenye habari kama hii. Ndugu zetu wengi walikimbilia Ngazidja, huko Komoro, wengine hawakwenda popote tena, na yeye alisema haondoki alipozikwa mumewe. Yule mgeni akasema mgonjwa hali tena zaidi ya uji, na kwamba anauliza kila siku, Moinesha amefika? Nilijua maana ya swali lile. Kila mtu wa ukoo wetu alijua. Wale dada wawili walikuwa wameahidiana tangu usichana kwamba atakayetangulia, mwenzake ndiye atakayemwosha. Asije mtu mwingine kumshika. Kwetu maiti ya mwanamke huoshwa na wanawake wake, na mtaa mzima utaleta mikono, lakini wao walitaka ile mikono miwili tu, na walikuwa wameliweka neno hilo mbele ya mama yao.

Nilipomwambia Koko aliacha mbuzi ya nazi, akanawa mikono, akaanza kufunga nguo. Shiromani mpya, sabuni, kopo la ilang-ilang, sanda mbili alizokuwa akizihifadhi kwenye sanduku, moja yake na moja ya dada yake. Alifunga kila kitu bila kutoa chozi. Kisha akauliza, "Gari linatoka lini?" Mjomba Saidi, mwanawe, alikuwa amefika, akamwambia hata akivuka bara hakuna gari, barabara imekatika na malori yamekwama kwenye matope mpaka Antsohihy. "Na meli?" Meli ndogo ya pwani ilikuwapo, lakini Koko mwenyewe aliwahi kupanda hiyo na kushushwa akiwa amebebwa, na tangu hapo alikuwa ameapa. Mjomba akasema kwa upole tikiti ya ndege ameshaikata, ya keshokutwa. Koko akakaa juu ya furushi lake. "Ile ya magurudumu wazi?" akauliza. Ndiyo, Mama, ile. Akatikisa kichwa, akaanza kulifungua furushi, nguo moja moja, akizirudisha sandukuni.

Nimewahi kuona watu wagumu, nimeolewa kwenye ukoo wao, lakini sijaona ugumu kama ule. Hakupiga kelele. Alisema tu hawezi kuingia kwenye chombo kisichofungwa, na aliposema hivyo uso wake ulikuwa wa mtu anayeumia, kwa sababu alijua anachokikataa ni nini. Mjomba Saidi alimwambia marubani ni watu wenye shule. Akajibu kwamba hakuna shule inayomfundisha mtu kuacha mlango wazi. Mwalimu wa chuoni akaja, akamkumbusha kumtegemea Mungu, naye akasema anamtegemea, na kila usiku akishamaliza kumtegemea hutia komeo. Jirani akamwambia, nadhani kwa nia njema, kwamba huenda milango ilianguka tu na hawajapata mingine, na hilo lilimharibia usingizi kabisa. Ndege ya keshokutwa ikaondoka bila yeye. Niliipimia mizigo ya watu wengine nikiwa na hasira, na ilipopita juu ya nyumba yetu nilijua yuko kwenye kigoda, ameinua uso, anahesabu mashimo yale mawili.

Jioni hiyo nilimleta Tombo nyumbani. Nilimwambia una kazi moja, mweleze kwa maneno machache. Koko alimpikia kwa sababu hata akiwa na huzuni asingeacha mgeni wa nyumba akae na sahani tupu, kisamvu cha nazi na pweza mkavu, na Tombo akala mpaka akalegeza mkanda, kisha akaanza. Alimwita Dady, kama Wamalagasi wa kwetu wanavyomwita bibi. Akasema ndege hii, Dady, ilibuniwa ikae chini makusudi, ili iende kwenye viwanja kama chetu, visivyo na ngazi za magari wala mashine za kupandishia mizigo. Sisi tuna nini? Tuna mabega. Sasa ukikaa chini, miguu inakuwa mifupi, na tumbo linakuwa karibu na ardhi. Ukitia milango mikubwa ya kuning'inia hapo chini utaiweka wapi? Na kila mlango unataka bomba lake, pampu yake, bawaba zake, na vyote hivyo ni uzito wa kubeba na vitu vya kuharibika. Mlango unaweza kukwama, gurudumu likashindwa kutoka. "Lakini mlango ambao haupo, Dady, haukwami." Alilisema hilo kwa furaha kubwa, nadhani alikuwa amelipenda tangu chuoni.

Koko alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akanigeukia mimi. "Zaina, kesho mwite fundi aje ang'oe mlango wangu wa mbele. Nimechoka kuogopa kwamba utakwama." Mjomba akajikohoza ili asicheke. Na mimi, niliyekuwa nimeweka matumaini yangu yote kwenye bwelasuti ile, nikatoka nje nikalia kwa sababu niliona sasa basi, Koko Sitti ataoshwa na watu baki, na Koko wangu atabaki kwenye kigoda kile akiitazama ndege ambayo ingempeleka.

Tombo alinifuata. Nilidhani atanibembeleza, na ningekubali. Badala yake akauliza, "Anaogopa nini?" Nikamwambia anaogopa ndege kuanguka, ulidhani nini. Akasema hapana, hakuna mahali aliposema itaanguka. Amesema iko wazi. Tukarudi ndani, naye akachuchumaa mbele ya kigoda cha Koko, mikunjo ya bwelasuti ikapotea, akamuuliza kama mtu anayeuliza njia: "Dady, likiwa wazi vile, unadhani kutatokea nini?" Ndipo Koko akasema jambo ambalo sisi sote, wenye mapenzi yetu yote, hatukuwahi kumuuliza. Alisema upepo utaingia. Utaingia kwa chini, kwenye chumba cha watu, uwapeperushe nguo, uwafunue vichwa, na mtoto aliyekaa karibu na tundu atatoka nao. Kumbe miaka yote hiyo yeye alidhani mashimo yale ni ya nyumba moja na abiria. Alidhani ukiwa umekaa ndani ukitazama miguuni utayaona magurudumu, na nyuma yake bahari. Alikuwa akitutazama sisi tuliopanda na kushuka kama watu wasio na haya wala akili.

Tombo hakucheka, na kwa hilo peke yake ningemsamehe sura zake tano zote. Alisema, "Njoo uone mwenyewe." Ndege iliyofuata ilipotua, mkuu wetu wa kituo aliamua ghafla kwamba kahawa yake inahitaji sukari kutoka chumba cha nyuma, na Koko Moinesha, akiwa na shiromani lake jekundu na kandambili, akavuka lami akiwa ameshika mkono wa fundi. Mimi nilikwenda nyuma yao nikibeba furushi nililolifunga upya. Watu wote waliokuja kupokea wageni walisimama kwenye uzio kutazama. Walipofika karibu na magurudumu Tombo akamzuia kidogo. Breki zimetoka kufanya kazi, alisema, bado zina moto, tungoje. Wakangoja, yeye akimweleza kwamba hiyo nayo ni sababu: zikifungiwa ndani joto linakaa humo, zikiwa wazi upepo unazipoza. Koko alilielewa hilo mara moja, mtu aliyekaa jikoni maisha yake yote. Kisha akamwonyesha gurudumu la mbele, lile dogo chini ya pua, ambalo lilikuwa na milango yake kama kawaida. "Kwa hiyo mlango mnaujua," Koko akasema. Tunaujua, Dady.

Halafu wakainama. Nami nikainama. Tombo akachukua mkono wa Koko akauweka katikati ya gurudumu, upande wa nje, kwenye kisahani cha bati laini kilichofunika rimu yote. Akamwambia, mguu ukikunjwa, upande huu ndio unaotazama chini, na unakuja kukaa sawasawa na ngozi ya tumbo. Akampandisha mkono mpaka kwenye shimo lenyewe, akampitisha vidole kwenye ukingo wa mpira uliolizunguka, ambao tairi likiingia unalibana pembeni. Na juu ya hapo, akasema, gonga. Koko akagonga kwa kifundo cha kidole. Lilikuwa bati zima, gumu, limepigwa misumari kila mahali. Hii ni dari ya chumba cha magurudumu, Tombo akasema, na watu wako juu ya hapo, wamefungiwa kwao, hewa yao haitoki na upepo wa huku hauingii. Koko akagonga tena mahali pengine. Alikagua kama anayenunua sufuria, akigonga na kusikiliza. Mwishowe akasimama akijishika kiuno, akasema, "Basi gurudumu lenyewe ndilo kifuniko." Akaniambia mimi, kana kwamba ni mimi niliyekuwa mbishi: ni kama bakuli unaloliweka kwenye mdomo wa mtungi. Mtungi haujakosa kifuniko, ila si cha mtungi. Tombo alifungua mdomo kuongeza jambo, nikamkanyaga mguu.

Alipanda siku hiyohiyo, kabla moyo haujageuka. Mkuu wa kituo alinipa kiti nimsindikize, akisema kwa sababu ya kazi. Koko alikataa dirisha, akauliza magurudumu yako chini ya viti vipi, akataka hapohapo. Tulipopaa alikuwa ameshika tasbihi kwa mkono mmoja na goti langu kwa mwingine, akinifinya hata nilibaki na alama. Kisha tukasikia mshindo chini ya miguu yetu, gudu, magurudumu yakikaa mahali pake. Nikamtazama. Shiromani lake halikutikisika. Alitazama miguuni, akatazama watoto wa kiti cha mbele waliokuwa wakigombea biskuti, akasema taratibu, "Yameingia." Akaachia goti langu. Njia nzima iliyobaki alimwambia mama wa kiti cha pili, kwa Kimalagasi chake cha sokoni, kwamba asihofu kuhusu uwazi wa chini, una maelezo yake. Yule mama, ambaye hakuwa na hofu yoyote mpaka hapo, aliteremka Mahajanga akiwa amesawijika.

Nyumba ya Koko Sitti ilikuwa vyumba viwili na ua, na mgonjwa alikuwa amelazwa chumba cha mbele ili apate hewa. Nakumbuka chandarua kimefungwa fundo, beseni la enameli lenye maua ya bluu, redio ndogo iliyofunikwa kitambaa kama mtoto mchanga, na Anziza, mjukuu wake, msichana wa rika langu mwenye macho yaliyovimba kwa kukosa usingizi. Koko Sitti alikuwa amebaki mifupa na sauti. Alimtazama mdogo wake akisimama pale na furushi, na neno la kwanza alilosema ni, "Umechelewa." Koko wangu akajibu, "Wewe hukuja kabisa." Nikajua tumefika kwenye kidonda. Babu yangu alipofariki, miaka kadhaa kabla ya hapo, Koko Sitti hakuja Nosy Be. Alituma salamu kwamba anaumwa tumbo, na mtu akaja baadaye kusema amemwona sokoni, mzima, ananunua ndizi. Koko hakulisahau jambo hilo hata siku moja. Angeitimiza ahadi yao ya kuoshana, hilo halikuwa na mjadala, lakini nadhani alikuwa amepanga kuitimiza akiwa na kinyongo.

Koko Sitti alitutuma mimi na Anziza tukalete maji. Ndoo zilikuwa zimejaa. Tukaenda nyuma ya pazia, tukasimama. Koko Sitti akasema, "Moinesha, ile ndege. Uliliona tumbo lake?" Koko akajibu, "Nililiona." Koko Sitti akasema, "Alipokufa shemeji nilifika mpaka uwanjani. Nimevaa, furushi mkononi. Ikapita juu yangu nyingine ikiondoka, nikayaona mashimo mawili. Nikamwambia mwanangu tumbo limenishika, akanirudisha." Akaongeza, "Ningesema nini? Dada mkubwa mimi, nikuletee salamu kwamba nimeogopa matundu?" Anziza alinishika mkono nyuma ya pazia. Koko wangu akauliza, kwa sauti niliyokuwa sijawahi kuisikia kwake, sauti ya mtoto, "Na wewe ulidhani upepo utaingia?" Koko Sitti akasema, "Kwani hauingii?"

Walicheka mpaka mgonjwa akakohoa, na tulipokimbilia ndani na maji tulimkuta Koko amepanda kitandani na kandambili zake, amelala ubavu kwa ubavu na dada yake, anamwonyesha kwa viganja viwili jinsi bakuli linavyokaa kwenye mdomo wa mtungi. Nimeishi kwenye nyumba nyingi tangu siku hiyo, na nimeona ndugu wanaonuniana mpaka kaburini, na kila mara najiuliza kuna mashimo gani wameyaona ambayo wanaona aibu kuyataja. Sikuwa mtu wa kuuliza kabla ya mwaka ule. Nilikuwa mtu wa kueleza. Baadaye, nilipopata watoto, nikajitahidi kuchuchumaa kwanza kama Tombo, ingawa mwanangu wa kwanza atakuambia sikufaulu sana.

Walikaa pamoja muda usiozidi kuiva kwa mkungu mmoja wa ndizi. Koko alipika yeye, hakutaka mkono mwingine, na dada yake alikula vijiko viwili na kulalamika chumvi, naye akajibu kwamba chumvi ni ileile ya mama. Mchana walisemana majina ya watu ambao hakuna mwingine aliyewajua. Tombo alikuja siku moja na mafundi wenzake wa Mahajanga, akidai anataka kujua kama Dady alisafiri salama, akakuta Anziza anaanika nguo uani, na hakuuliza tena habari za Dady. Niliona, nikaumia siku mbili hivi, nikapona. Ndege ilipita juu ya mtaa kila ilipopaa, na Koko Sitti aliomba ageuzwe upande wa dirisha aione. "Bakuli," alikuwa akisema, "haya, bakuli limeingia."

Alifariki asubuhi, mvua ikiwa imenyesha na kukatika. Wanawake wa mtaa walikuja na ndoo na udi, wakavaa kanga zao za kazi, na Koko Moinesha akawashukuru mmoja mmoja akawaomba wabaki nje. Aliingia na maji yake, sabuni yake, na sanda aliyokuwa ameitoa Nosy Be. Alichukua muda mrefu. Tulikaa uani tukisikia maji yanavyomiminwa polepole, na sauti yake akisema jambo, kisha maji tena. Alipotoka, mikono ya gauni lake ilikuwa imelowa mpaka viwikoni. Nikampa kigoda, akakaa, akaniangalia kama anayetaka nimthibitishie kitu.

"Nikiwa mdogo yeye ndiye aliyekuwa akiniosha masikio," akasema. "Nikilia sana, mtaa mzima unasikia. Leo nimemwosha mimi, nyuma ya masikio yote mawili, Zaina. Hakusema kitu." Kisha akanipa mikono yake nimkaushe, na ndipo akalia.